Kifaranga Mezani

Nawaambia mapema msije mkanidhania mtakatifu: kwenye jumuiya ya Alhamisi nilikuwa naenda kwa ajili ya chai na umbeya. Neno la Mungu nilikuwa nalipata Jumapili, linanitosha wiki nzima. Mimi ni fundi cherehani. Kutwa nimeinamia magauni ya watu wanaoapa hawajanenepa, na ikifika Alhamisi jioni nataka kukaa kwenye kochi laini nisikie ya wenzangu. Kochi la Mama Ishara lilikuwa laini kuliko yote mtaani kwetu.

Jina la Mama Ishara tulimpa sisi kwa siri. Mbele yake tulimwita Mama, tena kwa adabu, maana alikuwa mjane mtu mzima aliyekula chumvi nyingi, na jumuiya ilikuwa inakutana sebuleni kwake. Nimesema ni kwake, lakini nyumba aliijenga mwanawe mkubwa pamoja na mkewe, tofali kwa tofali, mke akiwa anakanda unga kwenye tanuri la mikate na mume akiwa fundi rangi. Mama alikuja kukaa nao miguu ilipoanza kumsumbua. Haukupita muda, ukiingia mle ndani usingejua nani mwenyeji na nani mgeni.

Utaratibu wa Alhamisi ulikuwa wake yeye. Kila mtu alitakiwa aje na kitu kimoja alichokiumba Mungu, alichokutana nacho mwenyewe ndani ya wiki: jani, unyoya, jiwe, mdudu aliyekufa. Hakinunuliwi, wala husimuliwi na mtu. Unakiweka kwenye meza ya kioo katikati ya sebule, unasema ulikutana nacho wapi na Bwana amekufundisha nini kwacho. Kisha Mama anasema Amina, na sisi tunaitikia Amina. Ikishasemwa, basi. Hakuna lakini, hakuna labda. "Maneno ya watu yanabishaniwa," alikuwa akisema, "neno la Mungu linapokewa."

Mimi kipaji hicho sikujaliwa. Wiki moja nilileta fukusi niliyemkuta kwenye unga, nikasema Bwana amenifundisha kuchekecha kabla ya kupika. Wakaitikia Amina, wafanyeje? Lakini nitasema uongo nikisema yote yalikuwa mchezo. Kuna jioni fundi baiskeli, mtu wa mikono myeusi kwa grisi na maneno ya kuhesabu, alileta kijinyasi alichokikuta kimepasua sakafu ya saruji ya kibanda chake. Akakiweka mezani, akasema, "Saruji ile niliimwaga mwenyewe." Akaanza kulia. Mkewe alikuwa amemrudia wiki ile. Sikucheka. Nilirudi nyumbani naangalia kila ufa wa barabara, na nikasali njiani, jambo ambalo si kawaida yangu.

Ndiyo maana siwezi kumcheka Mama Ishara moja kwa moja. Alituwekea macho. Tatizo ni kwamba yeye hakuwa na kope za kuyafumba. Kunguru akilia, ujumbe. Mchwa wakipanda ukutani, ujumbe. Na ujumbe, sijui kwa nini, kila mara ulikuwa unaunga mkono alichokitaka mwenyewe tangu asubuhi.

Sasa nirudi nyuma kidogo, kwenye mvua za mwaka juzi, mwanawe alipougua. Tumbo lilimkaza upande mmoja, akawa anajikunja kama kamba. Mkamwana wake, yule wa tanuri la mikate, alitaka wampeleke hospitali siku ile ile. Wakiwa bado wanajibizana akaingia njiwa dirishani, akatua juu ya mbao za kitanda, akatulia. Mama akapiga magoti. Halafu akainuka akafunga dirisha.

Alhamisi hiyo akatuletea unyoya wa yule njiwa. Akauweka kwenye kioo, macho yanamng'aa, akasema, "Bwana ameingia mwenyewe chumbani kwa mwanangu. Asiingie mtu na asitoke mtu mpaka ndege aruke. Akiruka, mwanangu ameinuka." Mimi nilijiuliza moyoni: kama ni Roho wa Mungu, mbona amefungiwa dirisha? Lakini Mama alishasema Amina, na sisi tukaitikia. Mwalimu mstaafu, msomi wetu, aliitikia. Fundi baiskeli aliitikia. Na mimi niliitikia, tena kwa sauti, maana chai ilikuwa haijaja bado.

Mkamwana alikuwa amesimama mlangoni na sinia. Akatutazama mmoja mmoja. Hakuna aliyemtazama.

Tulikesha sebuleni tukiimba kwa sauti ya juu, yeye yuko chumbani na mumewe na yule njiwa anayejigonga kwenye kioo cha dirisha. Kabla ya alfajiri alitoka akasema, "Amekufa." Daktari aliyekuja kuandika cheti alisema ni kidole tumbo kilichopasuka, na kwamba wangewahi wangemkuta mzima. Alisema hivyo kwa mkamwana, faraghani, pale jikoni. Mimi nilisikia kwa sababu mimi husikia.

Mama Ishara alilia kwa siku nyingi, na kilio chake kilikuwa cha kweli. Kisha akapata maana: Bwana alikuja kumchukua, ndiyo sababu ya njiwa. Akatuletea hiyo maana mezani, tukaipokea. Na alipomaliza kulia akaanza kumwangalia mkamwana kama mtu anayeangalia kiti kilichozidi sebuleni. Hana mtoto. Hana mume. Anafanya nini kwenye nyumba ya mwanangu? Mwanawe mdogo, dereva wa pikapu ya duka la vifaa vya ujenzi, alikuwa anapanga na mkewe chumba kimoja kinachovuja. Hesabu yake ilikuwa rahisi, na Mama alikuwa anasubiri tu Mungu aijumlishe.

Mungu aliijumlisha kwenye mti wa mlimao. Alhamisi moja Mama alikuja na tawi lililoota kirukia, ule mmea unaoota juu ya miti ya wenzake ukanyonya. Akaliweka mezani, akakunja mikono.

"Nimekutana na huyu uani kwangu," akasema. "Anapendeza. Ana maua mekundu, usipoangalia utadhani ni sehemu ya mti. Lakini hakuzaliwa pale. Aliletwa. Hazai tunda la kuliwa, na anakunywa maji ya mti mpaka mti unakauka. Bwana ameniambia: ondoa usichopanda, mti upumue. Amina."

"Amina," tukasema. Mkamwana alikuwa anapanga vikombe. Hakuna hata kimoja kilichogongana na kingine.

Mama akaendelea kwa sauti ya upole, ile sauti yake ya kupaka mafuta kwa mgongo wa chupa. "Basi Alhamisi ijayo mdogo wake marehemu atakuja na gari. Mkamwana arudi kwao kwa amani. Hatufukuzi mtu. Tutamwombea safari njema."

Mimi roho iliniuma, nasema kweli, lakini kuuma kwa roho hakujawahi kumlipia mtu pango. Mwalimu mstaafu ndiye aliyejikohoza. "Mama," akasema, "huyu binti hajawahi kuleta kitu mezani tangu tuanze. Kila Alhamisi yuko jikoni. Kabla hajaenda, na yeye apewe zamu."

Mama akatabasamu. Kumnyima mtu zamu kungeonekana vibaya, na yeye alikuwa anajali kuonekana. "Apewe," akasema. "Mungu hana ubaguzi."

Wiki ile nguo za watu zilichelewa. Nilikuwa nashona huku nawaza: ataleta nini? Angeleta ua, akaomba huruma? Nilimwona akipita asubuhi kwenda kazini, mikono ina makovu ya tanuri, hageuki kulia wala kushoto. Nikamsalimia, "Habari za asubuhi, mdogo wangu?" Akajibu, "Salama, dada." Nikamwuliza kama ameshafunga mizigo. Akasema, "Bado."

Alhamisi hiyo nilifika wa kwanza, sijui kwa nini mjisumbue kuuliza. Pikapu ilikuwa imeshaegeshwa nje, mgongo wazi, na shemeji mtu ameketi ndani anasikiliza redio, hataki macho ya watu. Sebuleni vitambaa vya makochi vimenyooshwa, meza ya kioo imefutwa ikang'aa. Tukaimba, tukaomba. Fundi baiskeli akaleta kobe mdogo, sijui kobe alisema nini. Hakuna aliyesikiliza.

"Haya, mkamwana," Mama akasema. "Zamu yako."

Akatoka jikoni na kitambaa cha kufutia vyombo, amekikunja. Akapiga magoti mbele ya meza, akakifungua. Ndani kulikuwa na kifaranga kilichokufa, manyoya ya njano yamelowa, shingo imelala upande. Mke wa mwalimu akaziba pua. Kwenye kioo kilichofutwa vizuri kifaranga kilionekana viwili, cha juu na cha chini.

"Hiki ni cha kuku wa Mama," mkamwana akasema. "Kuku ameangulia kwenye boksi chini ya meza ya jikoni. Juzi ilinyesha, kukawa na baridi. Kuku akaogopa. Akatandaza mbawa akawalalia kwa nguvu zake zote. Hiki kilibanwa kwenye kona. Nilikisikia kinalia, nikapeleka mkono nikitoe. Kuku akanidonoa."

Akanyoosha mkono tuuone. Nyuma ya kidole gumba kulikuwa na kidonda kibichi, si cha tanuri.

"Nikapeleka tena, akanidonoa tena. Aliniona mimi ndiye adui. Nikaacha. Leo asubuhi alipoinuka kwenda kula, nikakikuta hivi. Kuku hana ubaya, Mama. Alikuwa anakipenda. Bwana amenifundisha kwamba mzazi anaweza kumwua mtoto kwa kumpenda, na mkono uliokuja kuokoa akaudonoa. Ndilo hilo tu nililopewa."

Akakaa juu ya visigino vyake, akasubiri Amina.

Mkuki kwa nguruwe, jamani, kwa binadamu mchungu. Nilimtazama Mama Ishara nikamwona anatafuta. Yule mwanamke aliyekuwa na maana ya kila jani alikuwa anatafuta maana nyingine ya kile kifaranga, na hakuipata, kwa sababu aliamini. Hapo ndipo watu hawanielewi nikisimulia. Angekuwa mnafiki angekohoa, angesema shetani naye ana vifaranga vyake, angepita. Mama Ishara hakuwa mnafiki. Alikuwa mkatili, lakini aliamini kila kilichowekwa juu ya kile kioo.

"Alilia?" akauliza.

"Kifaranga, Mama? Kililia."

"Siulizi kifaranga." Uso wake ulikuwa umelegea ghafla, nikaona umri wake wote. "Mwanangu. Usiku ule sisi tulikuwa hapa tunaimba. Wewe ndiye uliyekuwa naye. Sijawahi kukuuliza. Alilia?"

Mwalimu akasema, "Mama, tuache hayo, tuombe." Mama akamwinulia kiganja, anyamaze.

Mkamwana akamwangalia. Nadhani alikuwa na nafasi pale ya kusema neno moja dogo, na sote tungelala usingizi.

"Alilia, Mama."

"Aliita mtu?"

"Alikuita wewe. Alikuita mpaka sauti ikakauka. Mlikuwa mnaimba. Nilitaka kuja kukuita, nikakumbuka umesema asiingie mtu na asitoke mtu mpaka ndege aruke."

Nje redio ya pikapu ilikuwa inatangaza mpira. Mama Ishara akakiangalia kifaranga. Akanyoosha kidole, akakigusa kichwani, kwa upole ambao sijawahi kumwona nao.

"Amina," akasema.

Na sisi, Mungu atusamehe, tukaitikia. Mazoea yana tabu.

Akainuka kwa kushikilia kochi, akaingia chumbani, akatoka na mtandio wake na kimkoba. Akatupita kama hatumo. Tulimsikia akifungua mlango wa pikapu. Mwanawe akamwuliza, "Mama, mizigo iko wapi?" Akamjibu, "Mzigo ni mimi. Washa gari." Mwanawe akabisha, akauliza, akanyamazishwa, na gari likaondoka na mgongo mtupu.

Watu wakatawanyika haraka kama waliokutwa kwenye mti wa jirani. Mimi nikabaki kusaidia vyombo. Mnanijua. Mkamwana alikuwa anaosha vikombe, mgongo umenyooka, na kifaranga kiko pembeni ya karai, kimefunikwa. Chini ya meza kuku alikuwa anawaita waliobaki.

"Pole, mdogo wangu," nikasema. "Sikujua kwamba aliteseka vile. Na sisi tunaimba."

Akasuuza kikombe, akakiinamisha.

"Hakulia," akasema.

Nikadhani sikusikia vizuri.

"Homa ilishampanda tangu jioni, hakujitambua. Alikuwa amelala. Akapumua, akapumua, akaacha. Hakumwita mtu yeyote. Hakuniita hata mimi."

Kikombe nilichokuwa nafuta nikakiweka chini. "Sasa kwa nini?"

"Nimekaa na yule mwanamke tangu msiba nikisubiri aniulize. Asubuhi namwandalia chai, nasema leo ataniuliza. Angeniuliza siku ile ile ningemwambia kweli, tungelia pamoja, yakaisha. Akasubiri mpaka ameita gari la kunitoa." Akanigeukia. Macho yalikuwa makavu. "Kifaranga ni cha kweli, dada. Hicho nilikiona. Ukitaka kamwambie hayo mengine. Atarudi leo leo, na kesho mimi niko barabarani."

Nilimaliza vikombe, nikaaga.

Miezi ikapita. Jumuiya ilihamia kwa mwalimu, ambako tunasoma vitabu na kochi ni gumu. Mkamwana anakaa nyumbani kwake. Amepaka rangi sebule, meza ya kioo ameitoa. Hatujamwalika na hajatuomba. Watu wanasema amekuwa mgumu. Mimi namshonea sare za kazini, nasema alikuwa mgumu tangu zamani, ila alikuwa hana pa kuuonyesha ugumu wake.

Mama Ishara yuko kwa mwanawe mdogo, kwenye chumba kile kinachovuja. Mkewe aliniletea gauni la mama mkwe nilipunguze, maana amekonda, na lilipokwisha nikalipeleka mwenyewe. Nilimkuta ameketi kwenye stuli ameelekea ukuta. Nyuma yake kulikuwa na dirisha, na nje ya dirisha mti uliojaa ndege wenye kelele, asubuhi ambayo hata mimi mtu wa fukusi ingenitoa neno. Pazia lilikuwa limefungwa na pini za nguo ili upepo usilifunue.

"Mama, nikufungulie upate hewa?"

"Liache. Huko nje kuna maneno mengi."

Nikamjaribisha gauni. Mabega yalikuwa mifupa mitupu. Nikiwa nimepiga magoti naangalia upindo, akaniwekea mkono kichwani.

"Wewe nakuamini," akasema. "Wewe hujawahi kunipaka mafuta. Mwalimu alikuja hapa akasema yule binti alisema vile kwa uchungu, eti mwanangu hakulia. Mwanangu mdogo naye anasema hivyo hivyo. Mke wake anasema hivyo hivyo. Wewe ulibaki naye jikoni siku ile. Niambie. Alilia?"

Nilikuwa na pini mdomoni, nikazitoa moja moja. Nilimwonea huruma na nilimchukia, yote mawili, na nilijichukia mwenyewe, kwa sababu kwa ule unyoya nilikuwa nimeitikia. Nilijua nikisema neno moja yule bibi atafungua pazia, atalia, atakula. Ataita gari. Nilimwona mkamwana na mifuko yake kando ya barabara, na Mama kwenye lile kochi akituambia Bwana alimfundisha nini kwa kumrudisha.

"Alilia, Mama," nikasema.

Akaitikia kwa kichwa polepole. Akanipapasa shavu.

"Ahsante, mwanangu," akasema. "Hawa wengine wananidanganya ili nipone."